Hatifungani riba inapopanda na kushuka: mwongozo kamili wa kutafuta kipato

Aprili 2021 Benki Kuu ya Tanzania ilileta sokoni, kwa mara ya kwanza, hatifungani ya Serikali (hati ya kuikopesha Serikali, nayo hukulipa riba) ya miaka 25, yenye riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 2022, riba ya hatifungani mpya za miaka 25 ikashushwa hadi asilimia 12.56, na ile ya miaka 20 ikatoka asilimia 15.49 hadi 12.10. Kufikia 2024 faida ya hatifungani ndefu ilikuwa imerudi juu ya asilimia 15, na mwaka 2025 ikaanza kuteremka tena.

Kila riba inapogeuka, swali ni lile lile: ninunue sasa au ningoje? Msimamo wangu ni kwamba swali hilo halijibiwi kwa kubashiri riba itakwenda wapi. Hata mabenki yenye wachumi wao hukosea. Linajibiwa kwa mambo mawili unayoweza kuyajua leo: fedha yako utaihitaji lini, na kwa bei hii unayouziwa utapata faida gani hasa. Mwongozo huu umejengwa juu ya mambo hayo mawili.

Hatua ya kwanza: tenganisha riba iliyoandikwa na faida utakayopata

Watu wengi hupotea hapa, kwa hiyo tuende polepole.

Riba iliyoandikwa kwenye hatifungani haibadiliki mpaka siku inapoiva, yaani muda wake unapokwisha na ukarudishiwa mtaji. Ukiwa na hatifungani ya shilingi 10,000,000 kwa asilimia 15.95, utalipwa 1,595,000 kwa mwaka, yaani 797,500 kila baada ya miezi 6, hata soko lipinduke vipi. Mwenzako aliyeshika ile ya asilimia 12.56 kwa kiasi hicho hicho hupata 628,000 kila miezi 6. Tofauti yenu ni 339,000 kwa mwaka, na kwa miaka 25 inafika 8,475,000.

Kinachobadilika ni bei. Kama mpya zinatoa asilimia 12.56 na wewe unayo ya 15.95, hakuna sababu ya kuiuza kwa bei iliyoandikwa. Nimepiga hesabu ya hatifungani kama hiyo ikiwa imebakiza miaka 24: mnunuzi anayetaka faida ya asilimia 12.56 anaweza kulipa kama shilingi 125.50 kwa kila 100. Milioni 10 zako zinakuwa na thamani ya takriban milioni 12.55 sokoni.

Sasa geuza upande. Mtu ana ile ya asilimia 12.56, imebakiza miaka 23, na soko limepanda hadi asilimia 15.75. Akitaka kuuza atapata kama shilingi 80.40 kwa kila 100. Hajaibiwa na mtu, na riba yake inaendelea kuingia kama kawaida, lakini akilazimika kuuza siku hiyo anaacha karibu sehemu ya tano ya mtaji wake mezani.

Angalia pia nguvu ya muda. Mabadiliko hayo hayo, kutoka 12.56 hadi 15.75, yakiikuta hatifungani iliyobakiza miaka 2 tu, bei yake hushuka hadi kama 94.70. Kadiri muda uliobaki unavyokuwa mrefu, ndivyo bei inavyoyumba zaidi riba inapobadilika. Ukilielewa hili moja, mengine yote katika mwongozo huu yatakuwa mepesi.

Kwa hiyo usiulize tu "riba ni ngapi?" Uliza, "nikinunua kwa bei hii nikakaa nayo mpaka iive, faida yangu kwa mwaka ni asilimia ngapi?" Dalali au ofisa wa hazina wa benki yako ana kikokotoo cha hesabu hiyo. Mtake akuandikie namba, asikupe kwa mdomo.

Hatua ya pili: igawe fedha kabla ya kwenda benki

Chukua karatasi. Andika fedha yote uliyonayo, kisha igawe kwa muda. Ada ya shule ya Januari, kodi ya nyumba, na akiba ya dharura ya miezi kadhaa visiingie kwenye hatifungani kabisa. Fedha utakayoihitaji ndani ya mwaka inafaa dhamana za Serikali za muda mfupi, ambazo zipo za siku 35, 91, 182 na 364. Fedha ya miaka 2 hadi 7 ina hatifungani za muda huo huo. Za miaka 10, 15, 20 na 25 ni za fedha ambayo, ukisema ukweli, hutaigusa: sehemu ya kiinua mgongo, au akiba ya uzeeni kwa mtu wa miaka 35.

Nasisitiza hatua hii kwa sababu hasara nyingi za hatifungani huanzia hapa. Serikali hulipa vizuri. Anayeumia ni aliyeweka fedha ya kumalizia nyumba kwenye hatifungani ya miaka 25 kwa kuvutiwa na riba, akahitaji kuuza katika mwaka ambao bei iko chini.

Hatua ya tatu: fungua akaunti

Hii ni nyepesi. Hatifungani za Serikali hutunzwa kwa njia ya kielektroniki, na akaunti yake, ambayo wengi huiita akaunti ya CDS, hufunguliwa kupitia benki au kampuni ya udalali iliyoidhinishwa. Utahitaji kitambulisho cha NIDA, picha, na namba ya akaunti ya benki ambako riba itaingizwa. Kiwango cha chini cha kununua hatifungani mnadani ni shilingi 1,000,000, na unaongeza kwa 100,000. Kwa dhamana za muda mfupi ni 500,000. Kabla ya kuchagua wakala, uliza ada zake zote: za kununua, za kuuza na za kupokelea riba. Hutofautiana kuliko watu wanavyodhani.

Hatua ya nne: jifunze kusoma tangazo na matokeo ya mnada

Minada hufanyika Jumatano, na fedha hulipwa siku inayofuata. Kabla ya mnada Benki Kuu hutoa tangazo lenye muda wa hatifungani, riba iliyopangwa, kiasi ambacho Serikali inataka kukopa, na tarehe ya kuiva. Kwa kuwa riba imeshapangwa, watu hushindana kwa bei. Anayeandika 104.5000 kwa kila 100 anakubali kulipa 10,450,000 apate hatifungani ya milioni 10. Faida yake itakuwa chini ya riba iliyoandikwa. Anayeandika 96.0000 atalipa 9,600,000 na kupata zaidi ya riba iliyoandikwa, endapo bei yake itakubaliwa.

Una njia mbili za kuingia. Ya kwanza ni kuandika bei yako mwenyewe: ukiandika ya chini mno unakosa, ukiandika ya juu mno unajinyima. Ya pili ni kuomba bila kutaja bei, ukapewa kwa wastani wa bei za walioshinda. Kwa mtu anayeanza nashauri ya pili. Baada ya minada kadhaa utakuwa umezoea mwenendo wa bei, na hapo unaweza kujaribu kuandika yako.

Matokeo hutolewa kwenye tovuti ya Benki Kuu, na hapo ndipo fursa zinapoonekana. Mimi hutazama mistari mitatu. Wa kwanza ni kiasi kilichoombwa ukilinganisha na kiasi kilichotakiwa: kama Serikali ilitaka kiasi fulani na watu wakaleta mara mbili au tatu yake, mnada baada ya mnada, faida iko njiani kushuka. Wa pili ni bei ya chini kabisa iliyokubaliwa, kwa sababu inakuonyesha mpaka wa mnada ujao. Wa tatu ni wastani wa faida hadi kuiva; huo uandike kwenye daftari kila mnada, kwa kila muda. Ukurasa mmoja wa daftari hilo utakufunza zaidi ya maoni ya makundi ya WhatsApp.

Kuna dalili nyingine za kufuatilia. Tangu Januari 2024 Benki Kuu hutangaza Riba ya Benki Kuu. Ilianza na asilimia 5.5, ikapandishwa hadi 6 Aprili 2024, kisha ikateremshwa hadi 5.75 Julai 2025. Riba hiyo huanza kugusa mikopo baina ya mabenki na dhamana za muda mfupi. Hatifungani ndefu hufuata taratibu, na wakati mwingine hazifuati. Kinachozisukuma zaidi ndefu ni kiasi ambacho Serikali inataka kukopa ndani na wingi wa fedha walizonazo mabenki na mifuko ya pensheni. Ndiyo maana hotuba ya bajeti ya Juni ina uzito kwa mwenye hatifungani: humo hutajwa mikopo ya ndani ya mwaka wa fedha unaoanza Julai. Serikali ikihitaji fedha nyingi, wakopeshaji hudai faida kubwa zaidi.

Hatua ya tano: riba inaposhuka

Huu ndio wakati ambao aliyeweka kila kitu kwenye dhamana za siku 364 anaumia. Kila zinapoiva anarudi mnadani na kukuta faida ndogo kuliko ya mwaka uliopita. Kama daftari lako linaonyesha faida inateremka na unayo fedha ya muda mrefu, kurefusha muda kabla haijashuka zaidi ni jambo la busara. Usihamishe yote kwa siku moja; gawa katika minada mitatu au minne.

Vipi kuhusu kuuza hatifungani yako ya zamani iliyopanda bei? Hapa nina la kusema kwa msisitizo. Rudi kwenye mfano wetu wa milioni 10 iliyofika 12.55. Ukiuza na kununua mpya ya asilimia 12.56 kwa fedha yote hiyo, riba yako ya mwaka itakuwa kama 1,576,000. Ulikuwa unapata 1,595,000. Umelipa ada ya dalali ili kipato chako kipungue. Faida ya bei ina maana pale tu unapokuwa na kazi nyingine bora ya fedha hiyo: kulipa mkopo wa riba kubwa, kukamilisha nyumba ya kupangisha, kuongeza mtaji wa biashara unayoijua. Kama lengo lako ni kipato, kaa nayo.

Na anayenunua hatifungani ya zamani kwa 125.50 ajue analipia nini. Siku ya kuiva atarudishiwa 100. Zile 2,550,000 za ziada kwenye milioni 10 hurudi kidogo kidogo ndani ya riba. Ukila riba yote, unakula mtaji. Kwa hesabu ya haraka, gawa 2,550,000 kwa miaka 24: tenga kama 106,000 kila mwaka na uirudishe kwenye uwekezaji. Ukifanya hivyo, kununua kwa bei ya juu si kosa hata kidogo.

Hatua ya sita: riba inapopanda

Bei za ulizonazo zinashuka, na taarifa ya dalali inaweza kukutia hofu. Kama uligawa fedha vizuri katika hatua ya pili, huna haja ya kuuza. Riba yako inaingia kwa tarehe zile zile. Kazi yako sasa ni kuelekeza kila riba inayoingia, na kila kinachoiva, kwenye viwango vipya vya juu. Mwenye hatifungani zinazoiva kwa zamu, moja mwaka huu, nyingine baada ya miaka 2, nyingine baada ya 5, huwa na fedha mpya mkononi wakati kama huu. Ndiyo sababu napenda mpangilio huo hata kwa mtu mwenye milioni 5 tu.

Fursa nyingine, ambayo wawekezaji wadogo huipita, ni hatifungani za zamani zenye riba ndogo zinazouzwa kwa bei ya chini. Tuchukue ile ya asilimia 12.56 kwa bei ya 80.40. Kwa kama 9,970,000 unapata hatifungani yenye thamani ya 12,400,000. Riba yake kwa mwaka ni 1,557,440. Ukinunua mpya ya asilimia 15.75 kwa milioni 10 unapata 1,575,000. Umepoteza kama shilingi 17,500 kwa mwaka, lakini siku ya kuiva utarudishiwa 12,400,000 badala ya 10,000,000, na kama riba za soko zitashuka, kiwango chako kimeshafungwa. Kwa kijana anayejenga akiba hilo ni chaguo zuri sana. Kwa mstaafu wa miaka 65 anayetaka fedha ya matumizi leo, mpya inamfaa zaidi. (Mahesabu haya hayajaweka riba iliyokwisha kujikusanya tangu malipo ya mwisho, mnunuzi humlipa muuzaji sehemu hiyo, kisha huipata malipo yanayofuata yakifika.)

Hatua ya saba: panga miezi ya malipo

Kila hatifungani ya Serikali hulipa mara mbili kwa mwaka kulingana na tarehe yake. Ukinunua inayolipa Januari na Julai, nyingine Februari na Agosti, mpaka zitimie sita, utakuwa na malipo kila mwezi. Mtu mwenye milioni 30, akiweka milioni 5 katika kila moja kwa riba ya asilimia 14, atapata 350,000 kila mwezi. Si lazima zinunuliwe mwaka mmoja. Wengi huanza na moja na kujaza pengo kila wanapopata fedha, wakichagua kwenye tangazo hatifungani ambayo mwezi wake wa malipo bado hawana.

Usikubali tu kujaza mwezi kwa hatifungani mbaya. Bei kwanza, mwezi baadaye.

Hatua ya nane: tazama na zisizo za Serikali

Riba ya Serikali inaposhuka, hatifungani za kampuni na taasisi huanza kuvutia. Hatifungani ya kijani ya Mamlaka ya Maji Tanga, iliyotolewa 2024 kwa ajili ya miradi ya maji, ni ya miaka 10 kwa asilimia 13.5. Ya CRDB inayoitwa Samia, ya miaka 5 kwa asilimia 12, hulipa kila baada ya miezi 3, jambo linalowapendeza wanaotegemea kipato. Linganisha kila moja na ya Serikali yenye muda unaokaribiana. Ziada unayopewa ndiyo malipo ya hatari unayobeba, kwa kuwa kampuni inaweza kukwama. Pia ujue kuwa kuzipatia mnunuzi kabla hazijaiva kunaweza kuchukua muda. Mimi singeweka zaidi ya robo ya fedha yangu ya hatifungani kwa mtoaji mmoja asiye Serikali.

Kwa wasiochukua riba kwa sababu ya dini, sukuk, yaani hati za uwekezaji zinazofuata misingi ya Kiislamu, ndiyo mlango wao. Benki ya KCB ilitoa yake mwaka 2022, na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitoa yake mwaka 2025. Na kwa mwenye laki moja au mbili, ambaye mnada haumfikii, Mfuko wa Hatifungani wa UTT AMIS, unaochanganya fedha za wawekezaji wengi, hupokea kuanzia 50,000. Pia ni mahali pazuri pa kuweka riba ndogo ndogo zinazoingia mpaka zifike milioni ya kurudi nayo mnadani.

Hatua ya tisa: kodi, mikopo na kumbukumbu

Hatifungani ndefu za Serikali zimekuwa zikisamehewa kodi ya zuio kwenye riba, ilhali ya miaka 2 imekuwa ikikatwa asilimia 10. Sheria ya fedha hubadilika kila Julai, kwa hiyo muulize wakala wako kabla ya kulinganisha. Asilimia 11 inayokatwa kodi ni asilimia 9.9 mkononi.

Usikope kununua hatifungani. Mikopo ya benki imekuwa ikitozwa karibu na asilimia 15, na marejesho huanza mwezi unaofuata wakati riba yako itakuja baada ya miezi 6. Lakini kinyume chake kinafaa: ukibanwa wakati bei ziko chini, benki hukubali hatifungani ya Serikali kama dhamana ya mkopo. Mkopo mfupi wa miezi michache unaweza kukugharimu kidogo kuliko kuuza kwa 80 kitu kitakacholipwa 100. Piga hesabu zote mbili kabla ya kuamua.

Mwisho, tunza orodha: namba ya kila hatifungani, bei uliyonunulia, miezi ya malipo, tarehe ya kuiva, na jina la wakala. Hatifungani haina karatasi ya kukutwa kabatini. Mwenzi wako au mtoto mkubwa aijue orodha hiyo ilipo, kwa sababu msimamizi wa mirathi atahitaji taarifa hizo kufuatilia akaunti, na bila kujua kwamba ipo hatakuwa na pa kuanzia.